Buti ya Suti Kavu Isiyokutosha: Pima Kabla ya Kutibu

Hotuba kwa wazamiaji wanaozungumza Kiswahili nchini Uingereza, iliyotolewa mwanzoni mwa msimu wa maji baridi. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika.

Assalaam aleykum, na habari za asubuhi kwenu nyote, dada zangu, kaka zangu, na wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii. Ahsanteni kwa kuamka na baridi hii.

Leo tunazungumzia buti. Najua wapo waliotarajia regyuleta, vile vifaa vya kuvutia hewa mdomoni, zinazoganda, na zamu yake itafika. Lakini mtu anayeanza kuvaa suti kavu, ile isiyopitisha maji, hulalamikia buti kabla ya kulalamikia kitu kingine chochote, na dawa anayopewa mara nyingi ni dawa ya ugonjwa wa mwenzake.

Wengi wenu mmejifunzia mbizi Nungwi, Mafia, Diani au Watamu. Kule maji ni nyuzi 25 mpaka 29. Mguuni unavaa kibuti chembamba cha neoprini, au unaingiza mguu mtupu kwenye pezi, na kibuti kikilegea kinakutoa malengelenge, basi. Huku je? Huku unashuka kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji, kama Stoney Cove, na katikati ya majira ya baridi maji ya chini hukaa karibu nyuzi 4, kwa sababu maji yasiyo na chumvi yakifika nyuzi hizo ndipo yanapokuwa mazito kuliko wakati mwingine wowote, yakazama chini. Na maji hupitisha joto kwa haraka kiasi cha mara 25 kuliko hewa. Ndiyo maana tunajifunika kwa suti isiyopitisha maji, tukavaa nguo nene ndani yake, tukaitia hewa.

Sasa nisikilizeni hapa. Suti hiyo ni mfuko mmoja wa hewa, kuanzia mpira wa shingoni mpaka vidole vya miguu. Buti ni sehemu ya mfuko huo. Nafasi yoyote iliyobaki tupu ndani ya buti itajaa hewa, na hewa hiyo itatafuta njia ya kwenda juu. Ukilielewa hilo, mengine yote nitakayosema yatakaa yenyewe mahali pake.

Mtu anaposema "buti zangu hazinitoshi", anaweza kuwa na moja ya mambo matatu. Buti inabana. Buti imelegea. Au buti haina kosa lolote, ila mguu wa suti ndio mrefu mno au mfupi mno. Mambo matatu, dawa tatu, na dawa ya mmoja ni sumu kwa mwingine. Kwa hiyo kwanza tupime.

Tuanze na buti inayobana.

Chukueni mfano wa kijana mmoja aliyekuja huku kutoka pwani, mzamiaji mzuri, mbizi zake nyingi. Alikodi suti. Mwenye duka alimtazama urefu, akampa saizi ya kati yenye buti namba 42. Kijana anavaa 42, akaona ni sawa kabisa. Kwa kuogopa baridi akavaa soksi mbili nene za sufi, akasukuma mguu mpaka ukaingia. Robo saa majini, vidole havina hisia. Alipotoka, ushauri aliojipa ni upi? Kwamba kesho avae soksi tatu!

Jamani, soksi haina joto lake yenyewe. Kinachokukinga ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi za sufi. Ukiibana soksi ndani ya buti, ile hewa umeifukuza, na kilichobaki ni kitambaa kilichoshindiliwa ambacho baridi hukipita bila taabu. Halafu buti inayobana mgongo wa mguu huzuia damu, na damu ndiyo inayopeleka joto vidoleni. Umepoteza mara mbili. Ongeza na soksi ya tatu, utapoteza mara tatu. Kuna na jambo la tatu ambalo hulihisi mpaka ushuke: unapokwenda chini suti hukubana, unaongeza hewa kidogo ili kuondoa mbano, lakini mguu ulioziba buti nzima hauipi hewa njia ya kufika vidoleni. Suti yote inalegea, mguu peke yake unabaki umebanwa. Hapo ndipo mkakamao wa misuli ya wayo unapoanza, na mtu mwenye mkakamao hawezi kupiga pezi.

Basi dawa ya buti inayobana ni kupunguza. Toa soksi moja. Vaa moja nyembamba ya kunyonya jasho, juu yake moja nene, na ile nene iwe nene kweli. Pamba iacheni nyumbani, kwa sababu ikishika jasho inakuwa mbichi na inabaki mbichi. Angalia soli ya ndani ya buti: buti nyingi huja na soli inayotoka, na ukiitoa, au ukaweka nyembamba zaidi, unapata milimita tatu au nne za urefu wa kwenda juu, na mara nyingi hizo tu zinatosha kuachia mgongo wa mguu. Hazijatosha? Buti hiyo ni ndogo kwako. Buti ya mpira haipanuki kwa kuvaliwa kama kiatu cha ngozi, na asiwadanganye mtu kwamba itakuzoea.

Ila kabla hujaihukumu buti, fanya jaribio hili dogo ambalo watu wengi hawalijui. Vaa suti mpaka magotini tu. Mguu wa suti uuache umejikunja juu ya vifundo, usiupandishe. Simama hivyo, chezesha vidole. Kama mguu uko huru, halafu ukipandisha suti mpaka mabegani na kufunga zipu buti inaanza kubana, basi buti haina kosa. Mguu wa suti ni mfupi, unaivuta buti kwenda juu na soli inausukuma wayo wako. Utabadilisha buti tatu na hutapona. Hilo nitalirudia mbele.

Sasa tuje kwenye buti iliyolegea, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu buti inayobana itakuumiza, lakini iliyolegea inaweza kukuua.

Kaskazini mwa Scotland, visiwani Orkney, kuna ghuba iitwayo Scapa Flow. Tarehe 21 Juni 1919 mabaharia wa Kijerumani walizizamisha wenyewe manowari zao pale, ndugu za ile Königsberg iliyokufa katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Nyingi ziliibuliwa baadaye na kuuzwa vyuma, lakini tatu kubwa zimebaki: König, Kronprinz Wilhelm na Markgraf. Zote tatu zimelala chini juu, matumbo yakitazama mbinguni, kwenye kina cha karibu mita 40. Anayetaka kuiona mizinga ya Kronprinz Wilhelm inambidi achungulie chini ya ubavu wa meli. Na anayechungulia chini ya ubavu anafanya nini? Anainamisha kichwa, miguu inabaki juu.

Mzamiaji mmoja alifanya hivyo hivyo. Buti zake zilikuwa saizi moja na nusu zaidi ya mguu wake, na kwa sababu siku zote alikuwa akizamia amesimama au amelala sawasawa, hakuwahi kuona ubaya wake. Alipoinama, hewa yote ya suti ilihama, ikapanda miguuni. Buti zikavimba kama maandazi. Akahisi kisigino kinanyanyuka kutoka kwenye soli, kisha mguu mzima ukateleza ukatoka ndani ya buti, ukakwama kwenye shingo ya buti. Pezi bado limefungwa kwenye buti, lakini ndani ya buti mguu haumo! Alipiga teke ili ajigeuze, pezi likapepea tu upande upande bila nguvu. Miguu ikaanza kumvuta kwenda juu. Mwenzake alimdaka kwenye mkanda wa jaketi lake la kuelea, akamgeuza kichwa juu, akamshikia mkono wa kushoto ulionyooka mpaka suti ikatoa hewa.

Mnaona kilichompata? Vali ya kutolea hewa iko begani kushoto. Ukiwa kichwa chini, vali iko chini na hewa iko juu, kwa hiyo hata ukiifungua yote haitoi kitu. Na hewa hiyo haikai kiasi kile kile. Lita moja ya hewa kwenye kina cha mita 30 inakuwa lita moja na theluthi ukifika mita 20, lita mbili ukifika mita 10, na lita nne ukifika juu. Kila lita inakuinua kwa takriban kilo moja. Buti iliyolegea pamoja na sehemu ya suti inayozunguka vigimbi huweza kubeba lita moja kila mguu bila shida, na hiyo kilo iko mwisho kabisa wa mwili, mbali na kiuno, ambapo nguvu yake ya kukupindua ni kubwa kuliko ingekuwa kifuani. Ndiyo maana mtu hupaa kwa miguu, akizidi kwenda kasi kadiri anavyokaribia uso wa maji. Na mwenye kupaa hivyo anahatarisha mapafu yake, na naitrojeni iliyomo mwilini inaweza kutoka kwa mapovu.

Ikikutokea, ufanye nini? Acha kupiga mateke ya kubahatisha. Kunja magoti uyalete kifuani, ujikusanye uwe mviringo, halafu jibingirishe kwa nguvu, mikono ikisaidia kusukuma maji, mpaka kichwa kije juu. Hewa itarudi mabegani. Inua kiwiko cha kushoto kiwe mahali pa juu kuliko pengine popote kwenye suti, vali iwe imefunguliwa yote, na subiri itoke. Kama kuna kamba au mwamba karibu, shika kwanza. Magoti kifuani, bingirika, kiwiko juu. Nasema tena: magoti kifuani, bingirika, kiwiko juu. Hilo halijifunzwi siku ya hatari. Linajifunzwa kwenye bwawa la mita tatu au nne, mwalimu akiwa pembeni, mpaka mwili ulifanye bila kuuliza.

Sasa dawa ya buti iliyolegea. Zipo nyingi, na nazipanga kwa jinsi zinavyostahili kujaribiwa.

Ya kwanza ni kujaza nafasi kwa kitu kisichokuwa hewa tupu. Soli ya ndani ya sufi iliyoshindiliwa, yenye unene wa milimita tatu mpaka tano, inaunyanyua mguu mpaka mgongo wake ushikwe na buti, na juu ya faida hiyo inakukinga na ubaridi wa sitaha ya chuma kabla hujaingia majini. Msikate soli kutoka kwenye sponji laini ya godoro la mazoezi: mapovu yake hubanwa na kina, unashuka mita 20 na soli imekuwa karatasi, mguu unacheza tena. Halafu soksi. Badala ya soksi ya kawaida vaa ile ya kiatu, yenye soli yake na shingo inayofika kwenye vigimbi, inayouzwa pamoja na nguo za ndani za suti kavu.

Ya pili ni kubana suti juu ya buti. Kuna mikanda mipana ya neoprini inayozunguka kigimbi kuanzia kifundo cha mguu mpaka chini ya goti, ikifungwa kwa kubandika. Hiyo inaondoa nafasi ya hewa kwenye kigimbi na kuzuia buti isivuke. Ni dawa nzuri. Ifunge ukiwa umesimama, na kidole kimoja kiweze kupita chini yake. Ukiibana kama bandeji, umeirudisha ile shida ya kwanza: hewa haifiki vidoleni na mguu unaganda.

Ya tatu haihitaji kununua kitu: punguza risasi, yaani uzito unaovaa ili uweze kuzama. Kila kilo ya risasi uliyozidisha unailipia kwa lita moja ya hewa, na mwenye kuiweka hewa hiyo kwenye suti ndiye anayevimba buti. Jipime mwisho wa mbizi, mtungi ukiwa umebaki na mgandamizo wa bar 50, kwenye kina cha mita 5, hewa ya suti ukiwa umeitoa karibu yote. Ukitulia hapo bila kuzama wala kupanda, uzito wako ni sahihi. Ukizama, toa kilo moja na ujaribu tena siku nyingine. Na hewa ya kukuelesha iweke kwenye jaketi. Suti ipe tu ile ya kuondoa mbano na kutunza joto. Najua wapo walimu wanaofundisha kuelea kwa suti peke yake, na kwa mwenye buti zinazomkaa sawa hiyo inakwenda. Mwenye buti zilizolegea asiifuate.

Ya nne, na naiweka mwisho makusudi, ni vyuma vya kufunga vifundoni, nusu kilo kila mguu. Wauzaji huvipenda kwa sababu jibu lake ni jepesi. Vinashusha miguu, ni kweli. Lakini kila teke unaloupiga unabeba vyuma hivyo, unapumua zaidi, na nafasi ndani ya buti bado ipo vile vile. Mguu bado unaweza kuvuka. Ukilazimika kuvitumia, toa uzito huo huo kwenye mkanda wa kiunoni. Mimi ningempeleka mtu kwenye mapezi mazito ya mpira kabla ya kumpa vyuma.

Tukija kwenye ugonjwa wa tatu, ule wa mguu wa suti, nitawapa habari ya dada mmoja. Buti zilikuwa zinamvuka kila mbizi. Akaongeza soksi. Zikavuka. Akanunua mikanda ya vigimbi. Zikavuka kidogo. Akanunua vyuma, akachoka miguu. Siku moja aliyekuwa anamsaidia kufunga zipu akamwambia ageuke, akaona katikati ya mapaja suti imening'inia karibu upana wa kiganja, na kwenye vifundo imejaa makunyanzi. Ndani ya suti zile kuna kanda za mabegani, kama za suruali. Zake zilikuwa zimelegezwa mpaka mwisho tangu siku ya kwanza. Alizivuta, suti ikapanda, makunyanzi yakanyooka, na buti hazikumvuka tena!

Kwa nini? Kwa sababu suti iliyoshuka ina nguo nyingi kupita kiasi chini ya goti. Ukikunja mguu kupiga teke la chura, mguu unapanda ndani ya suti huku buti ikibaki nyuma. Kanda za mabegani zivutwe mpaka suti iguse mwili katikati ya mapaja, bila kukukata mabegani. Halafu jipime hivi. Chuchumaa mpaka chini kabisa. Simama, weka mguu mmoja juu ya kiti. Kama suti inakuvuta mabegani na vidole vinasukumwa na buti, mguu wa suti ni mfupi. Kisha kaa kwenye benchi, mwenzako aishike buti kwa mikono miwili, nawe uvute mguu kama unayetaka kuutoa. Kisigino kikinyanyuka sentimita moja, hakuna neno. Kikitoka mpaka kikaingia kwenye shingo ya buti, nchi kavu imekuonyesha kitakachokupata majini.

Mguu mrefu fundi anaweza kuupunguza, sentimita tatu mpaka tano, bila kuiharibu suti. Mguu mfupi ni kazi nyingine: inabidi kuunga kipande kipya, na bei yake iulizeni kabla hamjanunua suti ya mtumba kwa furaha.

Wenye suti za soksi, msidhani mmepona. Suti hizo miguuni zina soksi laini ya neoprini, ya lateksi au ya kitambaa kile kile cha suti, na juu yake unavaa buti ya kamba kama ya mpanda milima. Uzuri wake ni kwamba buti unachagua mwenyewe na kamba unaikaza utakavyo, na kwa mtu mwenye mguu mwembamba au miguu isiyolingana mimi naona ni mfumo bora zaidi. Ubaya wake ni mchanga. Punje moja ya changarawe ikiingia kati ya soksi na buti, kila hatua inasaga. Buti ya nje iliyolegea inasaga zaidi, na soksi iliyojikunja kisiginoni inavunjika pale pale kwenye kunyanzi. Unatoka majini soksi moja imelowa, unalaumu zipu. Suuzeni buti na soksi kila baada ya mbizi, lainisheni soksi kwa mikono kabla ya kufunga kamba, na msitembee kamwe na soksi tupu kwenye mawe, hata hatua mbili za kwenda garini.

Mapezi nayapitia haraka. Mapezi mliyokuja nayo kutoka nyumbani hayataingia kwenye buti hizi. Msiyalazimishe, kwa sababu mfuko wa pezi unaobana unaigeuza buti nzuri kuwa buti inayobana, na mateso ni yale yale. Buti kwanza, pezi baadaye. Nendeni dukani na buti zenyewe. Buti iingie mpaka mwisho wa mfuko bila kutoa mikunjo juu, na mkanda wa nyuma uwe wa springi, kwa sababu ukiwa na glovu nene hutaweza kuhangaika na kifungo.

Sasa kuna buti ambazo hakuna soksi wala mkanda utakaoziponya. Hizo zinabadilishwa. Kazi hii mpeni fundi wa suti, lakini mjue anafanya nini ili mjue mnalipia nini. Kabla ya kuitoa buti ya zamani, fundi anapiga mstari wa alama katikati ya mguu wa suti, mbele, ukishuka mpaka kwenye kidole. Mstari huo ndio roho ya kazi. Buti ikigandishwa imepinda nyuzi chache tu kulia au kushoto, goti lako litaumwa kila mbizi na hutajua sababu. Kisha anapasha gundi ya zamani joto ilainike, anaivuta buti taratibu, anakwangua shingo ya buti mpya kwa msasa, anaifuta kwa kiyeyushio, na kuweka bomba la plastiki ndani ya mguu wa suti ili uwe mviringo. Gundi inapakwa tabaka mbili nyembamba kila upande, inaachwa mpaka isinate kidoleni, ndipo vinaunganishwa vikipandana sentimita tatu au nne na kubanwa kwa rola. Halafu utepe juu ya mshono, na siku nzima ya kukauka, au kama gundi yenyewe inavyoelekeza. Anayekurudishia suti jioni ile ile, muulize vizuri.

Mwisho wake suti ijaribiwe kwa hewa: chupa kwenye mikono, mpira wa kuchezea shingoni, zipu imefungwa, hewa inaingizwa polepole mpaka miguu isimame yenyewe, na maji ya sabuni yanapakwa kuzunguka kiungo kipya. Povu likitokea, hapo panavuja. Mnayo haki ya kuomba mlione jaribio hilo kwa macho yenu.

Limebaki suala la kupima mguu, kwa wanaonunua na wanaokodi. Namba za viatu zitawachanganya: namba 8 ya Uingereza ni kama 42 ya Ulaya, na kwa wanaume wa Marekani inakaribia 9. Kwa hiyo pimeni kwa sentimita. Pima jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kwa shughuli za mchana. Vaa soksi zote utakazozamia nazo. Simama juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, uzito wote juu ya mguu huo, na mwenzako apige alama mbele ya kidole kirefu. Pima miguu yote miwili, fuata mkubwa. Buti iwe na nafasi ya sentimita moja, isizidi moja na nusu, mbele ya kidole hicho. Watengenezaji wengi hutoa buti kwa namba nzima tu, hakuna nusu, na saizi zao nyingi zimekatwa kwa mguu wa mwanamume. Dada zangu, mkiangukia katikati ya namba mbili, chukueni kubwa na kuijaza kwa soli ya sufi iliyoshindiliwa, kwa sababu nafasi ya ziada inajazika na buti ndogo haina dawa.

Na suti ya kukodi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kule Silfra, ufa wa mwambani uliojaa maji huko Iceland, maji ni nyuzi 2 mpaka 4 mwaka mzima, na wageni wengi huvishwa suti za kukodi wakasimama foleni wakisubiri zamu. Mahali kama pale una dakika chache tu za kusema buti haijakukaa. Zitumieni. Chuchumaa, panda ngazi, chezesha vidole, vutwa buti. Ukiona haya kumrudishia mwenye duka buti, utakuwa na haya hiyo na nusu saa ya maji ya nyuzi 3.

Kwa wanaoshuka kesho asubuhi, meza ile ya nyuma ina soli za sufi iliyoshindiliwa za milimita tatu na tano, mikasi, na mikanda ya vigimbi ya kujaribu. Wenye suti za kukodi njooni nazo sasa hivi, pamoja na soksi zenu zile zile za kesho, tuwashike buti mmoja mmoja. Anayevukwa hapa benchini asubiri tumrekebishe, na asiporekebishika kesho atabaki juu kushika kamba. Karibuni.